Sura ya Tano: Pima kwa Pima

Jumatano ya tarehe 6 Mei 2020 tulikuwa katika kumi la kati la Ramadhani. Siku hiyo Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kwa siku 15 hakuna atakayeingia wala kutoka Mji wa Kale wa Mombasa, na vivyo hivyo mtaa wa Eastleigh kule Nairobi. Masoko na mikahawa ya ndani nayo ilikuwa ifungwe. Nilikuwa dirishani na simu mkononi, ujumbe ukiingia juu ya ujumbe, kila mmoja ukitisha kuliko uliotangulia. Mamangu alikuwa jikoni amekalia mbuzi, anakuna nazi ya futari. Nilipomsomea tangazo hakusema kitu mpaka akamaliza kizio alichokishika. Kisha akaniambia: “Panda kwenye kiti, mwanangu, uniteremshie ile miyaa juu ya kabati.”

Miyaa ile ilikuwa imekaa pale tangu mwaka uliotangulia, mafungu matatu yaliyofungwa kwa kamba, moja jeupe, moja la zambarau, moja la kijani. Ilikuwa imekauka hata ikawa inakwaruza mikono. Mama aliinyunyizia maji, akaizungushia leso kuukuu ili ilainike, akarudi kwenye nazi yake. Usiku, baada ya futari na sala, alikaa kitako sakafuni chini ya taa, akaikunjua leso, akaanza kusuka ukili.

Nilimwuliza kama hakuisikia habari niliyomsomea.

“Nimesikia,” akanijibu. “Ndiyo nasuka.”

Jibu hilo nimelifikiria miaka hii yote, na sura hii ni jitihada yangu ya kulielewa. Mtu ameambiwa kwamba maradhi yameingia mtaani kwake na njia zote zimewekewa polisi. Kwa nini atafute kazi ya mikono kabla ya kutafuta kitu kingine chochote?

Arobaini na eda

Neno karantini asili yake ni Venice, ambako karne nyingi zilizopita meli zilizotoka penye tauni zililazimishwa kutia nanga na kungoja siku arobaini kabla watu hawajashuka. Hesabu hiyo ya arobaini ndiyo iliyozaa jina, na jina likasafiri mpaka likafika kwetu. Lakini pwani tulikuwa na arobaini yetu. Mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na hakuna anayemtazamia aende sokoni. Aliyefiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Maharusi hukaa fungate siku saba. Na wapo wanaoingia itikafu msikitini kumi la mwisho la Ramadhani, wakaiacha dunia mlangoni pamoja na viatu vyao.

Nyumba za kale za mwambao zilijengwa na watu waliojua kukaa ndani. Kwa nje utaona kuta nene na mlango mzito. Ndani kuna ua ulio wazi juu, unaoshusha mwanga na upepo hadi katikati ya nyumba, ili anayeshinda humo asikose mbingu. Na nje, kandokando ya ukuta, kuna baraza ya mawe, ambayo humwezesha mtu kuwa kwake na kuwa mtaani kwa wakati mmoja. Aliyeibuni baraza alikuwa amefikiri sana kuhusu umbali unaofaa kati ya watu wawili wanaopendana.

Nilipozilinganisha desturi hizi na amri tuliyopewa, niliona kwamba kukaa ndani kwa kwetu kuna mambo matatu. Siku zake zimehesabiwa, na kila mtu anajua siku ya kutoka. Aliye ndani ana la kufanya, liwe kunyonyesha, kuomba au kuomboleza. Na aliye nje anamjua aliye ndani, anampelekea chakula, anapitisha salamu, anauliza hali. Mjane wa eda hatoki, lakini nyumba yake haikosi watu.

Korona ilitupiga katika yote matatu. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili kaunti ya Mombasa nzima ikafungwa, pamoja na Kilifi na Kwale. Mwezi mmoja baadaye ukafungwa Mji wa Kale ndani ya Mombasa iliyofungwa, sanduku ndani ya sanduku. Kila tulipoikaribia tarehe ya mwisho ilisogezwa mbele, kama mazigazi juu ya lami wakati wa jua. Kafyu yenyewe haikuondolewa nchini hadi Oktoba 2021. Kazi nazo zilisimama: mwalimu hana darasa, mvuvi hana mnunuzi, mwongoza watalii wa Ngome ya Yesu hana mtalii. Na mlango, uliokuwa ukipitisha sahani na salamu, sasa tuliuogopa, maana ndio ungeweza kupitisha maradhi.

Basi ilitubidi tuyatengeneze upya mambo hayo matatu kwa mikono yetu. Kwetu nyumbani tulianza na lile la kwanza.

Kalenda ya ukili

Ukili ni mkanda wa miyaa iliyosukwa, upana wake vidole vichache, na urefu wake ni subira yako. Husukwa kwanza mrefu, ukaviringishwa kama gurudumu, halafu hushonwa ubavu kwa ubavu kwa sindano kubwa hadi ukawa mkeka, kisha ukingo hubindwa. Hupimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Mama ni mfupi, kwa hiyo pima yake si pima ya fundi wa sokoni, lakini ilikuwa ndiyo kipimo cha nyumba yetu.

Alijiwekea pima moja kwa siku, asizidishe wala asipunguze. Kila alipoifikisha aliingiza mwaa mmoja wa kijani, ukaonekana kama alama kwenye mkanda wa zambarau na mweupe. Watoto wawili wa dada yangu waliokuwa wakikaa nasi, ambao shule yao ilikuwa imefungwa tangu katikati ya Machi, walikuwa wakilizungusha lile gurudumu la ukili na kuhesabu alama. Walijua siku zetu za kufungiwa kwa kuzigusa. Mchana walisikiliza vipindi vya masomo redioni, na jioni walipima ukili. Nadhani hesabu iliyowakaa zaidi ni ile ya jioni.

Tarehe 20 Mei, siku ambayo tulitazamia kufunguliwa, tuliambiwa kwamba Mji wa Kale utabaki umefungwa hadi tarehe 6 Juni. Nilikasirika. Nilizunguka ndani nikisema peke yangu, nikafungua jokofu nikalifunga bila kuchukua kitu. Mama aliangalia miyaa iliyosalia kwenye leso, akaishika fungu kwa fungu. “Itatosha,” akasema, akaendelea.

Usiku huo ndipo nilipokaa naye nikamwomba anifundishe. Nilikuwa nimekua nikimwona bibi yangu akisuka, na sikuwahi kujifunza, kwa kuwa mikeka ya plastiki ilikuwa rahisi dukani na mimi nilikuwa na vitabu vya kusoma. Ukili wangu wa kwanza ulipinda. Mama aliutazama bila kucheka. “Usivute kwa hasira,” akaniambia. “Mkono wa kushoto ushike, wa kulia upitishe. Ukivuta, unapinda.” Nilijifunza kwamba ukitaka kwenda haraka mwaa unakatika, na ukiwaza jambo la simu vidole vinasahau ni upi wa juu na ni upi wa chini. Kwa muda ambao ukili ulinyooka nilikuwa sina nafasi ya kuhesabu wagonjwa. Nikiinua kichwa naona saa nzima imepita, na kifua changu kimeshuka.

Sitaki msomaji adhani kwamba ukili ulikuwa dawa ya kila kitu. Katika wiki ya tatu rafiki wa mama, aliyesoma naye chuoni tangu utoto, alifariki upande wa pili wa kisiwa. Tungeweza kufika kwa miguu ndani ya nusu saa. Lakini njia zilikuwa zimefungwa, na hata huko nje mazishi yalikuwa yamewekewa kikomo cha watu 15. Mama aliketi na ukili mapajani usiku mzima, vidole vikiwa vimetulia juu yake. Sikumwambia asuke. Kesho yake alianzia pale alipoachia, akaiweka alama ya kijani palepale, kwenye nusu pima. Hakuifidia siku ile. Ukiutazama mkeka leo, kuna mahali ambapo alama mbili za kijani zimekaribiana, na anayejua anajua ni wapi.

Kuta za shairi

Mjomba wangu anakaa Likoni, ng’ambo ya maji. Zamani ilikuwa haipiti wiki hajavuka feri kuja kumwona dada yake. Alipozuiwa, alianza kututumia shairi kwa sauti kwenye simu kila usiku baada ya sala ya isha. Ubeti mmoja tu, na mara nyingi wenye fumbo ndani. Sharti lake lilikuwa moja: tumjibu kabla ya daku, kwa vina vilevile.

Anayejua ushairi wetu anajua ugumu wa sharti hilo. Shairi la tarbia lina mishororo minne, kila mshororo una mizani 16, na huo mshororo umegawanywa katikati, nane na nane, na kina kinasubiri katikati kama kinavyosubiri mwishoni. Ni chumba kidogo sana. Neno lako zuri likizidi silabi moja halipiti mlangoni, na huna budi kulitafutia ndugu yake aliye mfupi. Mara ya kwanza tulichukua saa mbili kujibu ubeti mmoja, mimi, mama na watoto, tukigonga silabi kwa vidole juu ya meza. Mtoto mdogo, aliyekuwa na miaka minane, ndiye aliyepata kina kilichotushinda. Alicheka kwa furaha hadi jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Mombasa imejibizana hivi kwa muda mrefu. Muyaka bin Haji, mshairi wa mji huu wa mwanzoni mwa karne ya 19, alitunga mashairi mengi ya kujibizana na wenzake wa Mombasa na Lamu. Lakini katika siku zile mimi nilikuwa namfikiria zaidi Mwana Kupona binti Mshamu. Mwaka wa 1858 au karibu na hapo alikuwa Lamu, mgonjwa, amelala. Alijua kwamba huenda asiinuke. Alikuwa na binti, Mwana Hashima, na alikuwa na mengi ya kumwambia. Akamtungia utendi, ukafika beti 100 hivi, na baada ya miaka michache akafariki. Utendi ule ulianza kama maneno ya mama kwa mwanawe mmoja, ndani ya chumba kimoja. Sasa yapata miaka 160 imepita na bado unasomwa na kufundishwa.

Nilimfikiria pia mzaliwa wa hapahapa Mombasa, Abdilatif Abdalla. Mwaka wa 1968 aliandika waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi, na kwa ajili yake akafungwa gerezani kuanzia 1969 hadi 1972. Humo, kwa siri, juu ya karatasi za chooni, alitunga mashairi yaliyokuja kutolewa mwaka wa 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Jela si nyumba, na sitaki kulifananisha dirisha langu lenye upepo wa bahari na seli. Wala sitaki kusema kwamba ugonjwa ulimfanyia hisani Mwana Kupona. Ninachokiona ni kwamba wote wawili, walipobanwa, waligeukia kazi yenye kanuni ngumu, na wote wawili walikuwa wakisema na mtu. Mmoja alisema na binti yake. Mwingine alisema na watu wa upande wa pili wa ukuta.

Hapo ndipo nilipoanza kulielewa jibu la mama. Upweke na faragha huishi katika chumba kimoja, chenye kuta zilezile. Kinachovitenganisha ni kama kuna mtu anayengoja kitu kutoka kwako. Mjomba alikuwa anangoja ubeti. Tungelala bila kumjibu, angekaa macho hadi daku na simu mkononi.

Sahani hairudi tupu

Mwezi wa Mei jua la Mombasa huzama kama saa kumi na mbili na robo. Kwa kafyu ya saa moja usiku, hiyo ilimaanisha kwamba kati ya adhana ya magharibi na ukimya wa mtaa kulikuwa na dakika 45 tu. Anayeujua Mji wa Kale usiku wa Ramadhani atafahamu maana yake. Usiku ndio mchana wetu wa mwezi ule. Kuna viazi karai na mishikaki njiani, kahawa chungu kwenye mabaraza, watoto kwenye vichochoro hadi usiku mkubwa, na sauti za tarawehe zinazopokezana kutoka msikiti hadi msikiti. Mwaka ule misikiti ilikuwa imefungwa na njia zilikuwa tupu. Ungeweza kusikia paka akitembea.

Lakini kilichoniuma zaidi ni sahani. Kwetu, kabla ya adhana ya magharibi, watoto hutumwa na sahani zilizofunikwa kwa kawa: kaimati kwa jirani wa kulia, mbaazi kwa jirani wa kushoto, na sahani hairudi tupu. Siku za mwanzo za kufungiwa kila nyumba ilijifungia na chungu chake. Hatukujua kama sahani ni salama. Tulifuturu vizuri, chakula kilikuwapo, na bado mama alikuwa akiinuka mezani kabla hajashiba.

Suluhisho lilitoka kwa yule mvulana wa miaka minane. Nyumba yetu ni ya ghorofa, na jirani wa mbele, mwanamke mjamzito aliyekuwa akikaa na mamake mzee, nyumba yao iko chini upande wa pili wa kichochoro. Mtoto alifunga kamba kwenye kapu, akalipitisha juu ya chuma cha roshani, akalishusha taratibu hadi kwenye baraza yao. Ndani alikuwa ameweka embe. Mama alipoona kapu limefika salama, akaenda kuloweka mchele.

Mkate wa sinia, ambao Zanzibar wanauita mkate wa kumimina, unadai siku nzima. Mchele uliolowekwa husagwa pamoja na tui zito hadi ukalainika kabisa, ukatiwa hamira, sukari na iliki iliyotwangwa palepale, kisha huachwa uumuke. Ukiuharakisha hautaumuka, na ukiusahau utachacha. Sinia hupakwa samli, uji humiminwa, na makaa hupaliwa chini na juu ya kifuniko, juu yawe mengi kuliko chini, mpaka uso ukapata rangi ya kahawia na kisu kikatoka kikavu. Kwa miaka tulikuwa tukiununua, kwa kuwa nani alikuwa na siku nzima? Sasa siku nzima ndiyo kitu pekee tulichokuwa nacho kwa wingi. Tuliukata vipande, tukavifunga kwa karatasi, mama akanawa mikono tena, kapu likashuka. Jioni ya pili likapanda na katlesi sita na kishada cha asumini. Asumini ile ilikaa kwenye kikombe cha maji kando ya ukili, na nyumba nzima ikanukia.

Tangu jioni ile hapakuwa na siku ambayo kapu halikushuka. Walituletea barakoa walizozishona kwa cherehani, kutokana na leso zilizozeeka. Leso za kwetu zina jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye pindo, na ukizikata vipande maneno hukatika. Barakoa yangu ilikuwa na nusu ya methali mdomoni. Nusu ya pili alikuwa nayo jirani, na tuliposalimiana, yeye barazani na mimi roshanini, methali ilikuwa imekamilika kati yetu.

Si sisi tu tuliokuwa tukivumbua. Huko Bungoma mtoto wa miaka 9 alichukua mbao ambazo babake alizinunua ili kutengeneza fremu ya dirisha, akatengeneza kifaa cha kunawia mikono kinachoendeshwa kwa mguu, ili mtu asiguse kitu. Tarehe 1 Juni 2020 Rais Uhuru Kenyatta alimtunuku nishani. Dirisha lilingoja. Mtoto alikuwa ameona hatari mikononi mwa watu wake, akatazama kilichokuwapo nyumbani.

Na lazima nisimulie jambo jingine la siku zilezile, hapahapa Mombasa, maana bila hilo sura hii itakuwa ya uongo. Mama mmoja mjane, aliyekuwa akiishi kwa kuwafulia watu nguo, alikosa kazi kwa sababu kila mtu aliogopa mgeni aingie nyumbani kwake. Alikuwa na watoto wanane na hakuwa na chakula. Akabandika sufuria, akatia mawe, akayachemsha, ili watoto waone mvuke wakitumaini, na usingizi uwachukue. Jirani aliyesikia kilio aliingia akaona kilichokuwa jikoni, akatoa habari, na Wakenya wakamtumia yule mama pesa kwa simu kutoka kila pembe ya nchi.

Mawe yale sitayaita ubunifu. Ni dhiki. Watu wengi waliambiwa wakae nyumbani na nyumba yenyewe ilikuwa ndiyo adha: chumba kimoja cha watu saba, mume mwenye mkono mzito, sufuria tupu. Huko Nairobi, tarehe 30 Machi, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, polisi walipokuwa wakisimamia kafyu mtaani chini. Kwa hiyo nikisema kwamba tulipata faraja nyumbani nasema nikijua kwamba faraja ile ilikaa juu ya mambo ambayo si kila mtu alikuwa nayo: mchele, ukuta, na watu wasiopigana. Lakini hata katika kisa cha mawe, kilichowaokoa wale watoto kilikuwa kitu kilekile ambacho kapu letu lilikuwa likikitafuta kila jioni. Jirani alisikia. Mlango ulifunguliwa.

Mkeka

Mji wa Kale ulifunguliwa tarehe 7 Juni. Idi ilikuwa imepita ndani, kwa nguo mpya zilizoonwa na dirisha tu. Nilishuka ngazi nikaenda hadi ufukweni nyuma ya Ngome, nikasimama nikitazama bahari, na jambo la kwanza nililotamani ni kurudi nyumbani kumweleza mama rangi ya maji. Nilipofika nilimkuta ameshatoa sindano kubwa. Ukili ulikuwa umetosha. Alianza kushona.

Kila ninapoulizwa na vijana nini cha kufanya ikiwa siku kama zile zitarudi, nawaambia watafute kazi ambayo mkono unaweza kuipima, ili siku zisiwe tope. Watafute mzee anayeijua kazi hiyo, wakae karibu naye wakati bado yupo. Na kabla hawajaanza, waamue ni ya nani. Siku wasipoweza, waache, waweke alama palepale walipofika. Hayo yote nilifundishwa na mama bila yeye kusema zaidi ya sentensi kumi.

Jirani wa mbele alijifungua mtoto wa kike mwishoni mwa Mei, tukiwa bado tumefungwa. Arobaini yake ikatimia mwanzoni mwa Julai, wiki ileile njia za kutoka Mombasa zilipofunguliwa. Siku ya arobaini mama aliubinda ukingo wa mwisho, akaukunja mkeka, akauchukua begani. Nilishtuka. Nilikuwa nimedhani tunausuka wa kwetu, wa kuweka ukumbini, kumbukumbu ya mwezi ule.

“Na kile kipande changu kilichopinda?” nikamwuliza. “Hutakifumua kwanza?”

“Kifumuliwe kwa nini?” akasema. “Mtoto atalala, hatapima.”

Mkeka ule haukuweza kuingia kwenye kapu. Mama aliteremka ngazi nao, barakoa usoni, akavuka kichochoro kwa miguu yake kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili, akautandika kwenye baraza, kisha akarudi nyuma hatua mbili. Mzazi akatoka na mtoto, akamlaza juu yake, kwenye mistari ya zambarau na nyeupe na alama za kijani za siku zetu zote, pamoja na zile mbili zilizokaribiana.